Buna Haichinjwi Mara Mbili

Darmi mwanangu,

Salaam aleikum. Nakusalimia kwa karatasi na bado uko hapa hapa Bulla Pesa. Umeenda tu kuaga rafiki zako upande wa msikiti, na nadhani ningesikia kicheko chako kama huyu jirani angezima redio yake. Ni baada ya alasiri. Sanduku lako limesimama mlangoni tangu asubuhi, na kila nikipita linanigonga goti. Nimelisogeza pembeni, kisha nikalirudisha palepale. Acha linigonge.

Sitakuandikia mambo ya pasipoti, wala chanjo, wala ule nini kwenye ndege. Hayo unayajua kunishinda. Mtu aliyesomea utalii, akafanya kazi kambi mbili, na sasa ameitwa Malawi, kando ya ziwa, awe ndiye wa kupeleka wageni vijijini na kuwarudisha, hafundishwi safari na muuza vipuri vya bodaboda. Nakuandikia kwa sababu wiki iliyopita, ukiosha vyombo, uliniuliza swali, na mimi nikaongeza sauti ya redio.

Uliuliza, "Abba, siku ya kuenda, nani atanichinjia buna?"

Ulingoja. Taarifa ya habari ilikuwa inasema mambo ya bei ya mafuta, na mimi nilikaza macho kwenye redio kama mtu mwenye visima vya mafuta. Kisha ukasema, "Sawa tu, si lazima," ukaendelea kusugua sufuria. Hukununa. Afadhali ungenuna, ningejua la kufanya.

Sasa nijibu, lakini jibu lenyewe ni refu, na linaanzia kwenye ile picha.

Unakumbuka jioni uliyonionyesha hiyo kambi yako kwenye simu? Vibanda vya nyasi, mchanga mweupe, ziwa ambalo ng'ambo yake haionekani. Mimi maji mengi niliyowahi kuyaona ni mto wetu ukifurika na kubeba mbuzi za watu. Ulinisomea kila kitu: umeme ni wa jua, chupa za plastiki haziruhusiwi, mboga na samaki vinanunuliwa kijijini, wageni wanapanda miti. Ulisoma kwa furaha na mimi nilifurahia furaha yako, usidhani vingine. Halafu ikaja picha ya mama mzee anayeanika dagaa kwenye kichanja, na mgeni amechuchumaa kando yake, wote wanacheka. Nikakuuliza, "Huyu mama anaitwa nani?" Ukatafuta chini ya picha. "Haijaandikwa, Abba." Jina la mgeni lilikuwapo, na nchi aliyotoka.

Nikakurudishia simu, ukaniuliza kama nimechoka, nikakubali nimechoka. Sikuwa nimechoka. Huyo mama namjua. Ndiye aliyenizaa.

Akko, nyanya yako, wewe ulimjua akiwa mtu wa Garbatulla na mbuzi zake, mkali kidogo, anayekupa maziwa kabla hujavua viatu. Hukumjua alipokuwa mama wa kambi. Kabla hujaanza shule, mimi nilikuwa mhudumu wa vyumba kwenye kambi moja ya wageni kule mtoni Ewaso Nyiro. Nilitandika vitanda, nikabeba mizigo, nikajifunza Kiingereza cha kuchekesha watu. Meneja alikuwa mtu mwema na sitamsema vibaya, alinitembelea ulipozaliwa na akakununulia blanketi. Siku moja akaniuliza, "Guyo, kwenu nyumbani mnapokea wageni aje?" Nikamweleza buna. Nilimweleza vizuri mno, mwanangu. Mdomo wangu ndio ulioanza.

Wewe umeiona buna kwa jamaa zetu tu, hapa kwetu hujaionja, kwa hiyo acha nikuambie jinsi Akko alivyoifanya. Alichukua buni za kahawa zikiwa bado na maganda yake, akaziuma ncha kwa meno, moja moja. Huko ndiko kuchinja. Sisi Waborana buna huichinja kama mnyama, maana kitu kinatolewa kwa ajili yako. Kisha alizitia kwenye samli ya moto na kufunika, na watu walikaa kimya wakisikiliza. Buni zikianza kupasuka mle ndani, pa, pa, ndipo dua inapoanza. Samli inapakwa kichwani na mikononi, buni zinatiwa maziwa na sukari, na kila mtu anatafuna.

Na dua ya Akko ilikuwa na njia yake. Ilianzia ndani ya nyumba na kutoka nje polepole, kama mtu anayekusindikiza. Nagaa, yaani amani, ya jiko. Nagaa ya mlango. Nagaa ya zizi, ya kisima, ya barabara, ya watu utakaokutana nao. Mwisho kabisa, nagaa ya kurudi. Kila nagaa watu wanaitikia amin, na hakuna anayeruka hata moja, kama vile huwezi kufika barabarani kabla ya kupita mlangoni.

Nilipomwendea Garbatulla kumwambia kuhusu kambi, aliniuliza neno moja tu.

"Ni wageni?"

"Ni wageni, Akko."

"Basi nitakuja."

Mwanzoni ilikuwa mara moja kwa wiki, chini ya turubai karibu na mto, na nakuapia ilikuwa kitu kizuri. Akko aliwauliza wageni majina yao, mmoja mmoja, na akiyatamka yalikuwa yanavunjika mdomoni mwake hadi wenyewe wanacheka. Kisha aliuliza kama mama zao wako hai. Mimi nilitafsiri. Mama mmoja mzungu, mzee, nywele nyeupe tupu, alipoulizwa hivyo akaanza kulia. Alisema tangu amzike mama yake hakuna mtu aliyemuuliza habari zake. Kesho yake wenzake walipoenda kuangalia ndovu, yeye alibaki. Nilimkuta nyuma ya jikoni amekaa na Akko wanachambua mchele, hawana lugha hata moja kati yao, na wanacheka. Mpaka leo sijui walicheka nini. Nilipouliza, Akko aliniambia, "Hayo si yako."

Ndiyo maana sitakuambia usipeleke wageni kwa watu. Wageni ni baraka, nimeiona kwa macho yangu. Lakini kitu kizuri kikipendwa sana kinaitwa kila siku, na ndivyo ilivyokuwa. Mara moja kwa wiki ikawa mara tatu, ikawa kila alasiri, na makundi yakiwa makubwa ikawa mara mbili kwa alasiri moja. Meneja akaniita pembeni. "Guyo, magari yanatoka saa kumi. Mama ni mzuri, lakini ni mrefu."

Basi nikaanza kumfupisha mama yangu. Kwanza niliondoa majina. Kisha nikaondoa habari za mama zao. Kisha nikamwambia aruke zizi, kwa sababu watu hawa hawana zizi. Akko alishangaa kwa kweli. "Hawana? Maskini." Siku hiyo aliwaombea zizi zaidi kuliko siku zote, mpaka gari la kwanza likapiga honi. Ndipo nilipobuni ishara. Meneja alikuwa amenipa saa ya mkononi, nzuri, yenye kioo kinene. Nikiona muda umeenda, nilisimama mahali Akko ananiona, na nikagonga kioo kwa kidole, mara mbili. Yeye akiona hivyo anakata palepale alipofika, anafuta mikono kwa shuka, anasema, "Basi. Imetosha." Wageni walidhani hayo nayo ni maneno ya dua, wakaitikia amin.

Viatu vyako vya kwanza vilitoka kwenye buna hiyo, Darmi, na mabati yaliyoko juu yangu sasa hivi ninapoandika. Akko mwenyewe alikuwa anapewa shuka mpya, sukari, na kitu kidogo nilichokuwa nampelekea mimi, na kwa hiari yangu mimi. Watu husema mkono mtupu haulambwi, na mkono wangu haukuwa mtupu wakati ule, ulilambwa na wengi. Sikujiona mwizi. Nilijiona mtu aliyepata akili.

Halafu mwaka mmoja mvua ikakosekana, na buni zikawa adimu sokoni. Na mimi nilikuwa naona kila siku wageni wanatafuna moja, wanakunja uso, wanaacha zilizobaki kwenye bakuli. Nikazikusanya. Kesho yake nikazifuta, nikazirudisha kwenye samli mpya, nikafunika. Nani angejua? Wageni hawajui. Meneja hajui.

Buni zilizopasuka jana hazipasuki leo. Tulikaa kimya chini ya turubai tukisikiliza, na sufuria ilinyamaza. Samli ilichemka tu, basi. Akko aliinua kifuniko akatazama. Kisha akanitazama mimi, kwa muda, bila hasira yoyote, na akaanza kuomba. Lakini hakuanzia jikoni. Alisema, kwa Kiborana, kwa sauti ileile ya kila siku: "Mungu, hawa watu wametoka mbali, na sisi tumewapa kilichokufa jana. Usiwahesabie wao. Huyu mwanangu mhesabie polepole, maana ana mtoto mdogo."

Wageni wakanigeukia wapate tafsiri. Nikawaambia, "Anawaombea mwone chui."

Walipiga makofi. Na jioni hiyohiyo wakamwona chui, juu ya mti, kabla mwanga haujaisha. Mungu ana mzaha wake. Walirudi kambini wakimtafuta Akko wamshike mkono, na meneja akasema mama huyu ni hazina. Mimi nilicheka nao. Usiku Akko aliniambia tu, "Guyo, buna haichinjwi mara mbili," kama mtu anayekukumbusha kufunga lango. Nikamwambia nimesikia. Nilinunua mpya kesho yake, na baada ya siku chache nikarudia zilezile, na yeye hakusema tena.

Ninayoyafikia sasa nimeyazunguka tangu nianze barua.

Mama yako alipougua, tulizunguka naye hapa mjini mpaka wakasema apelekwe hospitali kubwa, mbali. Tulikodi gari. Asubuhi ya kuondoka Akko alifika kutoka Garbatulla na buni zake mwenyewe, mbichi, amezifunga kwenye ncha ya leso, na alikaa pale unapoweka jiko lako la kupikia chapati. Mama yako alikaa juu ya mfuko wa nguo, amejifunika, mwembamba. Wewe ulikuwa mgongoni mwa jirani yetu Mama Kendi, amekutoa nje ukaone mbuzi usije ukalia. Buni zilipasuka vizuri sana siku hiyo. Nakumbuka mama yako alitabasamu kwa ule mlio.

Akko akaanza. Jiko, mlango, zizi, kisima. Na mimi nimesimama mlangoni, nafikiria gari, nafikiria kama tutapata kitanda. Akafika barabara. Akafika watu tutakaokutana nao. Na mkono wangu, Darmi, sikuutuma. Uliinuka wenyewe, na kidole kikagonga kioo cha saa. Mara mbili.

Akko aliona. Alikata palepale. Akafuta mikono kwa leso. "Basi. Imetosha."

Mama yako akauliza, "Imeisha?" Nikajibu mimi, "Imeisha."

Na gari halikuja. Hicho ndicho kinachonila. Dereva alikuwa amepata pancha huko, na tulikaa pale, watu watatu, juu ya mizigo, asubuhi yote mpaka jua likaingia ndani. Nilikuwa na muda wa kumwambia mama yangu, samahani, malizia. Neno moja tu. Nililiona mdomoni mwangu kama punje ya mchele na sikulitoa, kwa sababu kulitoa kungekuwa kukiri kwamba nimemgongea saa mama yangu mzazi mbele ya mke wangu mgonjwa. Niliona aibu. Kwa hiyo tukatazama ukuta.

Mama yako alirudi, ndiyo. Tulimrudisha amefungwa sanda.

Usinielewe vibaya. Sisemi dua ingemponya. Madaktari walisema ugonjwa ulikuwa umeshaenda mbali, na ajali ya Mungu haina kinga. Nasema tu kwamba Rukia, mama yako, alitoka nyumba hii bila kuombewa kurudi, na sababu ni kidole changu. Watu wakiniambia majuto ni mjukuu mimi huona kwamba hawajui, kwangu alikuja siku hiyohiyo na akakaa.

Uliwahi kuniuliza mbona sivai saa. Sasa unajua. Akko hakuchinja buna tena mpaka Mungu alipomchukua, si kambini, si arusini, si kwa mtu yeyote. Hakunilaumu wala hatukulizungumza hata mara moja. Nilikuwa nakwenda Garbatulla, nakaa kwake, tunazungumza mambo ya mbuzi. Kambini walitafuta mama mwingine, na ilichukua siku mbili tu. Hapo ndipo nilipoelewa. Akko aliwahi kuniuliza, zamani, "Siku nisipokuja watafanya nini?" nikamjibu kwa kujigamba, "Watakulilia, Akko." Hawakulia. Turubai lilikuwa lilelile na magari yalitoka saa kumi. Baada ya muda mfupi nami nikaacha kazi, nikaja kufungua kibanda cha vipuri. Na wewe ulipokuwa mdogo ukiniuliza kwa nini watu wengine wanachinja buna na sisi hatuchinji, nilikuambia bei imepanda. Uliamini. Mara moja uliniletea buni mbili ulizookota sokoni, ukasema, "Abba, hizi ni bure." Nilitoka nje.

Sasa unakwenda kazi ileile, ingawa ina jina zuri zaidi siku hizi. Ninyi mnasema utalii wa kuwajibika, na ulipokuwa unanieleza nilikutania nikasema hata mbuzi wa jirani anawajibika akifungwa kamba. Ulicheka. Sikukueleza kwamba niliogopa. Nimekutazama ukiwa na simu yako, jinsi unavyopanga mambo, saa hii hiki, saa ile kile, mwepesi, hakuna anayechelewa mbele yako. Umepata kichwa cha mama yako, lakini hicho kidole ni changu.

Kwa hiyo ukifika kwa yule mama wa dagaa, mimi sina amri. Mambo ya umeme wa jua ni mazuri, na miti ni mizuri. Ila mimi kambi nzuri sitaijua kwa hayo. Ningependa kujua siku yule mama akisema, "Leo sitaki watu," itakuwaje. Kama siku hiyo atapumzika na kesho wakamrudia kwa heshima, andika uniambie, nitafurahi. Kama kutakuwa na mama mwingine kwenye kichanja kabla dagaa hawajakauka, niambie pia, tutajua pamoja uko wapi. Na jina lake. Tafadhali muulize jina lake, halafu mwache akuulize lako, hata kama gari linapiga honi. Ukiona kidole chako kinainuka, kishike kwa mkono wa pili. Mimi sikuwa na mtu wa kuniambia hivyo, au labda nilikuwa naye na nikamfupisha.

Hayo yametosha. Nimesoma nyuma nikaona nimeanza kuwa imamu, na wewe imamu unaye.

Acha nikuambie leo nimefanya nini ulipotoka. Nimeenda sokoni kwa yule mama wa Moyale anayeuza viungo, nikaomba buni za maganda. Akaniuliza, "Nani anaenda?" Nikasema binti yangu. "Na nani anachinja?" Nikasema mimi. Alinitazama kutoka kofia mpaka ndala, kisha akacheka mpaka akashika meza. Hata hivyo aliniongezea konzi nzima, bure, akasema msichana asitoke na buna ya kupimwa. Nikarudi, nikakaa kwenye kile kigoda cha Akko, nikaanza kuziuma ncha. Ni kazi ya meno, Darmi, na meno yangu si ya kazi tena. Mama Kendi akapita na kapu lake la miraa, akanikuta natema maganda uani.

"Baba Darmi, hiyo ni nini unatafuna? Umeacha miraa yangu umehamia wapi?"

Nikamweleza. Aliweka kapu chini. Amekaa nasi kwenye ploti hii miaka yote, alikubeba siku ile, anajua zaidi ya ninavyodhani.

"Na utakaanga wewe? Mwanaume? Utatuchomea ploti."

"Basi njoo unisaidie."

"Mimi ni Mmeru, sijui hiyo maneno yenu. Nitaleta maziwa. Na nitasimama hapo mlangoni." Akafikiri kidogo. "Nitasimama wapi? Mlangoni ndiyo ulikuwa umesimama wewe, eh?"

Sikujua kama aliona siku ile. Aliona. Alichukua kapu lake akaenda.

Barua hii nitaiingiza kwenye mfuko wa pembeni wa sanduku, chini ya kile kitabu chako, uikute huko ziwani. Kwa hiyo ukisoma hapa, wewe unajua jambo ambalo mimi bado sijui. Unajua kama zilipasuka. Mimi hapa nina bakuli la buni zilizoumwa vibaya, nyingine zimeumwa pande zote mbili, na sijui samli inatakiwa iwe na moto kiasi gani, kwa sababu miaka yote nilikuwa naangalia saa badala ya kuangalia jiko. Zikinyamaza, nitakuwa nimeaibika mbele yako na mbele ya Mama Kendi. Ningejaribu leo nione, lakini haichinjwi mara mbili. Ni hizi hizi, na ni kesho.

Nimewaza kama nianzie pale Akko alipokatia, nimalizie ile iliyobaki. Nimeona si haki. Ile ilikuwa ya Rukia. Yako itaanzia jikoni, na sitaruka kitu. Nitakuombea zizi, ingawa hatuna zizi, na kisima, ingawa maji tunanunua kwa mitungi. Nitaiombea barabara mpaka uwanja wa ndege na maji ya lile ziwa ambalo sijaliona. Nitamwombea yule mama asiye na jina. Utasimama hapo unabadilisha mguu, unatazama simu, unaniambia, "Abba, gari," na mimi nitaendelea kana kwamba mimi ni kiziwi.

Unisamehe, hapo nilikudanganya. Tikiti nilikata mimi, na ndiyo maana nimekataa kukupa uishike. Gari lako halitoki saa mbili. Linatoka saa nne. Nilitaka mara moja maishani mwangu niseme maneno hayo yote bila mtu kuwa na haraka, hata mimi.

Kesho asubuhi siiogopi sana. Naogopa kesho jioni. Nimezoea kupika chai ya watu wawili, na najua mkono wangu utapima maji ya watu wawili, kama ulivyopima baada ya mama yako, na tena baada ya Akko. Nitakunywa zote. Nitaongeza sauti ya redio, na safari hii hakutakuwa na mtu wa kuniuliza kitu. Sikuandikii haya ili ukae, nenda, ningekukasirikia ungekaa. Ila nisipokuambia kwamba nitakuwa mpweke, nitakuwa nimekufupishia.

Nasikia watoto wa ploti wanakuita jina, kwa hiyo umefika langoni. Nitafunga upesi.

Sio buni zote nilizoziuma. Zile za konzi nimeziacha nzima, nimezitia kwenye kopo la Akko, na kopo nimeliweka juu ya kabati ambapo huwa unaacha funguo zako. Hizo ni za siku utakayorudi. Sitazigusa.

Abba yako,
Guyo